Mashine ya Kinoo Iliyokauka Sauti

Mkono wa kushoto wa Munir ulifunzwa kwa kipigo. Ami yake, Hafiz, fundi wa redio huko Mombasa, hakuwa mtu wa maneno mengi. Munir akiinamia redio iliyofunguliwa, na mkono wa kushoto ukajisogeza nao usaidie, rula ya mti ilishuka juu ya vifundo vya vidole, kacha!

"Umeme ukiingia mkono huu ukatokea ule, umepita wapi?"

"Moyoni, ami."

"Basi ufunge mlango mmoja."

Na rula ilishuka tena, hata jibu likiwa sahihi. Ami alikwisha kumzika rafiki yake aliyeshika redio kwa mikono miwili, na hakutaka kuchimba kaburi jingine.

Basi Munir alikua, akaoa, akahamia Nairobi, akaota mvi, na mkono ule ukabaki nyuma, kidole gumba kimechomekwa kwenye mkanda wa suruali. Wauza simu wa kichochoro chake, kule nyuma ya Barabara ya River, walimtania kwamba anasimama kama mtu aliyeficha andazi asiombwe. Yeye alicheka na kuendelea kuchomelea. Jiji nalo lilikuwa limempiga kwa namna yake. Wezi walimng'oa meno mawili ya mbele kwa nondo, wakambebea nyaya zake za shaba, na asubuhi yake alifungua duka akiwa amefunga taya kwa mtandio wa mkewe, Khamisa. Wateja waliuliza bei kama kawaida.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ni kuunda amplifaya za gitaa kwa mkono, zile za valvu. Valvu ni vichupa vya kioo ambavyo ndani yake huwaka wekundu kama kaa chini ya jivu. Hula umeme mwingi, hutoa joto la jiko, na wapiga gitaa huzililia kwa sababu, wanavyosema wao, sauti yake ina nyama. Mashine nzuri kuliko zote alizowahi kuunda aliiunda kwa ajili ya bendi ya Zachariah, waliyemwita Zaka, jitu la Kinoo lenye mabega ya mlango, ambalo lilipiga gitaa kila Jumapili mchana kwenye baa moja ya nyama choma. Sanduku lake lilikuwa la mvule, na juu Munir alikata dirisha akaliwekea wavu wa chuma, ili joto lipate pa kupumulia.

Mashine ile iliimba muda mrefu bila kukohoa. Halafu ikaanza kukauka sauti.

Aliyeileta dukani alikuwa Haron, mpiga gitaa la pili, kijana mpole wa Mutuini ambaye kazi yake nyingine katika bendi ilikuwa kubeba. Aliiteremsha polepole kama anayeteremsha mgonjwa.

"Mzee Munir, mashine inanong'ona. Inaanza poa kabisa. Nyimbo kadhaa zikipita, sauti inarudi chini, inarudi chini, mpaka unasikia nyama ikichomeka kuliko gitaa."

"Inazima?"

"Haizimi. Taa inawaka, valvu zinawaka. Sauti tu ndiyo inaenda."

Munir aliifungua mezani, mkono wa kushoto mgongoni. Alishika mpini wa mwiko wa Khamisa uliovunjika, mti mkavu usiopitisha umeme, akagonga kila kiungo ndani ya mashine ikiwa inawaka. Ndivyo fundi anavyomtafuta mgonjwa aliyejificha: unamgonga mmoja mmoja mpaka mmoja wao alie. Hakuna aliyelia. Akaiacha wazi mezani iimbe toka asubuhi mpaka jioni, na kichochoro kizima kikalalamika kelele. Akabadilisha valvu zote, kila moja akaitia tone la rangi ya kucha ya Khamisa, alama yake ya miaka. Haron akaibeba, akaenda. Na baada ya Jumapili akarudi nayo.

"Kwako inaimba, kwetu inakufa," Haron alisema, na safari hii jicho lake moja lilikuwa limevimba. "Mzee, wameanza kuniangalia vibaya. Wiki hii wateja wametutupia mifupa. Zaka akanipiga na mguu wa kipaza sauti."

"Kwa nini wewe?"

"Kwa sababu mimi ndiye huibeba. Anasema njiani nachomoa valvu nzuri naweka mbovu. Twende, Mzee. Njoo uione pale pale inapokufa."

Munir alitikisa kichwa. Hakuwa amewahi kuvuka kizingiti cha baa tangu azaliwe, na alikuwa amemwapia marehemu mamake kwamba hatavuka. "Leteni mashine hapa," alisema. "Hata mara mia, leteni. Lakini mimi huko siingii."

Haron aliitikia kwa adabu, akainama, akaibeba.

*

Jumapili iliyofuata Munir alikuwa ndiyo kwanza ametoka kuswali adhuhuri, Mbuthia, mpiga ngoma wa bendi, alipoingia na pikipiki mpaka ndani ya kichochoro, wauza simu wakiruka kando. Shati lake lilikuwa na damu isiyokuwa yake.

"Mzee, panda! Wanamuua Haron."

Munir alitia mfukoni mpini wa mwiko, akachukua mkoba wa vyombo, akapanda. Kwenye Barabara ya Waiyaki upepo ulimnyang'anya kofia, naye hakugeuka kuitazama. Mbuthia alipiga kelele juu ya bega: mashine ilikuwa imekauka tena katikati ya wimbo, mtu akapaza sauti kwamba mwizi ni huyu huyu anayeibeba, na neno hilo, mwizi, likishatamkwa Nairobi halirudi mdomoni.

Kwenye geti la baa miguu ya Munir ilisita. Harufu ya pombe ilimpiga usoni. Kisha akamsikia Haron akilia, sauti nyembamba kama ya paka aliyebanwa na mlango, akaingia.

Haron alikuwa amekalishwa chini, mikono imefungwa nyuma kwenye nguzo ya chuma ya hema kwa waya za gitaa. Mdomo wake ulikuwa umechanika, sikio moja likining'inia ngozi. Mkono wa kushoto ulikuwa chini, kwenye simiti, na Zachariah alikuwa ameshaukanyaga kwa kiatu cha buti, akausaga kama mtu anayezima sigara. Vidole vitatu vilitazama upande ambao vidole havitazami. Ukutani paliegeshwa tairi kuukuu, na hakuna aliyeuliza limefikaje pale.

Mbele ya tairi alisimama Debra, mwenye baa, aproni kiunoni na kisu cha kukatia nyama mkononi.

"Kwangu hamchomi mtu!" alikuwa akifoka. "Mkitaka kuchoma, chomeni mbuzi! Mmelipia mbuzi!"

"Toka hapo, Debra," mtu alisema. "Kikulacho ki nguoni mwako. Leo ni valvu, kesho atakuibia friji."

Zachariah alimwona Munir, akamshika ukosi wa shati, akamburuta mpaka kwenye jukwaa. "Fundi ndiye huyu. Waambie wote wasikie. Uliweka valvu zako?"

"Niliweka."

"Zitazame. Ni zako?"

Munir alichungulia kwenye wavu. Kila kioo kilikuwa na tone lake jekundu. "Ni zangu. Alama ya rangi ya kucha ile pale. Kijana hajachomoa kitu. Mfungueni."

"Rangi ya kucha hata mimi ninayo!" mwanamke mmoja alipayuka, na watu wakacheka, cheko baya, la watu waliokwisha kuamua. Mmoja akampitishia Haron teke la mbavu, kama vile cheko lilikuwa limempa ruhusa.

"Ngojeni!" Munir alipaza sauti, na mwanya wa meno yake ukapiga mluzi. "Kama mimi ndiye fundi, nipeni mashine niijaribu. Mkiniona nimeshindwa, mna tairi lenu. Haliendi popote."

Hilo liliwaingia. Umati hupenda kungoja kidogo, mradi unajua mwisho wake.

"Iwasheni," Munir alisema. "Kila kitu kama siku zote. Msipunguze, msiongeze."

Zachariah mwenyewe akaiwasha. Halafu, kwa mikono ile ile iliyokuwa na damu, akachukua kitambaa kilichokunjwa juu ya kiti, akakikung'uta, akakitandaza juu ya mashine taratibu, akinyoosha kila pembe. Kilikuwa cha kufuma, cheupe, chenye maua na jina la bendi, kile ambacho kila mama hufunikia televisheni na viti vya sebuleni. Kwa ndani kilishonewa kipande cha blanketi.

Munir alikitazama. Katika safari zote za mashine ile mjini, hakuwahi kukiona.

"Hicho huwa unakuja nacho dukani?" alimwuliza Haron.

Haron alitema damu. "Hapana, Mzee. Mimi hukikunja nikakiacha. Mjini kitachafuka."

"Ni cha mamangu," Zachariah alisema. "Marehemu Wamucii. Alikifuma mpaka wiki aliyokufa, akaweka na blanketi vumbi lisiingie. Usikiguse."

Mbuthia, aliyejua na gitaa kidogo, akachukua la Haron, akapiga. Mwanzo sauti ilijaa ua mzima, nene, tamu, na hata wale waliokuwa wamekunja ngumi walianza kutikisa vichwa. Wimbo wa kwanza, wa pili. Munir alisimama ameweka kiganja karibu na sanduku, akilisikia joto likipanda na kukosa mlango. Kisha gitaa likaanza kurudi nyuma. Likawa kama linapigwa nyumba ya jirani. Likawa kama linapigwa ng'ambo ya barabara. Mbuthia alivuta nyuzi kwa nguvu zote, na kilichotoka kilikuwa mnong'ono.

"Mmeona!" Zachariah alinguruma, akamrukia Haron, akampiga ngumi ya uso, kichwa kikagonga nguzo, nguzo ikalia kama kengele.

Munir hakungoja. Alikiondoa kitambaa, kilikuwa cha moto kama mkate uliotoka tanurini, akakiweka kando. Akafungua skrubu, akalitoa tumbo la mashine likiwa bado linawaka, akalilaza ubavu juu ya meza ya Debra. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshakwenda mgongoni wenyewe. Kwa mpini wa mwiko akaanza kugonga, Mbuthia akiendelea kupiga gitaa. Kiungo hiki, kimya. Hiki, kimya. Nyuma yake umati ulikuwa unapumua shingoni mwake. Akafika chini ya valvu ya pili, pale waya mmoja ulipochomelewa kwenye mguu wa valvu kwa risasi, ile madini laini ya kuungia nyaya, akagonga.

Gitaa likalipuka. Watu waliinama kama waliosikia bunduki.

Akaondoa mpini, sauti ikazama. Akabonyeza, ikarudi. Akainamisha kichwa. Risasi ya kiungo kile haikuwa inang'aa. Ilikuwa ya kijivu, imekunjamana kama uji uliopoa. Haikushika vizuri tangu siku ya kwanza. Ikiwa na ubaridi wake, ilijikaza. Ikipata joto la kupindukia, ilitanuka na kuachia. Na aliyeichomelea alikuwa yeye.

Ndipo Munir akajua kuna maneno mawili ya kusema, na moja lilikuwa jepesi kuliko jingine. Alisema jepesi kwanza.

"Kiungo hiki ni changu. Nilikichomelea vibaya. Kosa ni la fundi. Kijana hana hatia, mfungueni. Mkitaka kupiga mtu, nipo."

Hakuna aliyegusa zile waya.

"Unamlinda," Zachariah alisema, akisogea. "Kama kiungo ni kibovu, mbona kwako kinaimba mchana kutwa? Kwako kinashika, kwangu kinaachia, kinanijua jina? Mnagawana nini, wewe na huyu mbwa?"

"Wote wawili!" mtu alisema nyuma. "Wafungwe wote wawili!" Tairi liliburutwa kwenye simiti. Debra aliinua kisu, mtu akamkamata kiwiko, kisu kikaanguka.

Munir alimtazama Haron, jicho lile moja lililobaki wazi. Hakukuwa tena na njia ya pembeni.

"Kwangu kinashika," alisema, "kwa sababu kwangu mashine haifunikwi. Nilikata dirisha juu ili joto litoke. Mama ameliziba. Hakujua, Mungu amrehemu, alitaka kuitunza. Lakini tangu siku mlipoanza kuitandika kitambaa, ndipo sauti ilipoanza kukauka. Hesabu mwenyewe, Zaka. Ilianza lini?"

Zachariah alihesabu. Ilionekana usoni, hesabu ile ikipanda ngazi moja moja mpaka kwenye kaburi bichi. Na ilipofika, hakuweza kuibeba.

"Mamangu mtoe mdomoni mwako!" alifoka. Akairuka meza, akakinyakua chuma cha mashine kwa mikono miwili kukiinua ampige nacho Munir kichwani, na vidole vyake vikazama ndani, kwenye waya.

Hakupiga kelele. Umeme wa valvu haukupi nafasi ya kupiga kelele. Taya ilijifunga, macho yakatoka, mishipa ya shingo ikasimama kama kamba, na mikono ile mikubwa ikakaza badala ya kuachia. Mwili wote ulitetemeka pamoja na meza. Harufu ya ngozi inayoungua ikachanganyika na ile ya nyama.

"Msimguse!" Munir alipiga yowe. Akakamata stuli ya mti, akaishika kwa mikono yake yote miwili, akampiga Zachariah kwenye mikono. Mfupa ulivunjika, watu wote waliusikia. Mkono haukuachia. Akapiga tena. Umati haukuona uokozi. Uliona mzee wa mjini anamvunja mtu wao. Chupa ikapasuka kichwani mwa Munir, damu ikamfunika jicho. Mtu akampiga teke la kiuno, mwingine akamkaba shingo kwa nyuma, naye bado anapiga, kwa upofu, stuli ikibaki mguu mmoja, akilia, "Achia! Achia, mwanangu!"

Waya mrefu wa umeme wa mashine ulipita chini karibu na nguzo ya hema. Haron, mikono imefungwa nyuma yake, alinyoosha mguu. Viatu walikuwa wamemvua zamani. Aliunasa waya katikati ya vidole vya mguu, akauvuta kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, mara moja, akiguna, mara nyingine. Plagi ikachomoka ukutani.

Valvu zilififia. Zachariah akaanguka chali kama gunia la makaa.

Debra alipiga magoti, akaweka sikio kifuani pake. Akampiga makofi ya uso, makofi ya kweli, yasiyo na huruma. "Pumua, mjinga wewe! Pumua!" Zachariah akakohoa, akatapika, akavuta hewa kwa mkoromo mrefu. Waliokuwa wamemkaba Munir wakamwachia. Na sasa, mmoja baada ya mwingine, watu walikumbuka shughuli zao. Huyu alikuwa na mtoto mgonjwa, yule alisahau geti wazi. Tairi lilibaki limelala katikati ya ua, bila mwenyewe.

Zachariah alipofungua macho, kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa mguu wa Haron, na waya bado umenaswa vidoleni. Aliufuata kwa macho mpaka kwenye plagi, akarudi nao mpaka usoni mwa Haron. Hakusema samahani. Mkono wake wa kulia ulining'inia, lakini wa kushoto, uliokuwa umeungua kiganjani, ulitambaa mpaka kwenye kitambaa, akakivuta, akajikokota nacho hadi kwenye nguzo. Mbuthia alikuwa anamfungua Haron zile waya za gitaa, akilia kamasi. Zachariah akaanza kuuviringisha mkono wa Haron uliovunjika kwa kile kitambaa cha mamake, vibaya vibaya, maua meupe yakigeuka mekundu.

Haron alikunja uso kitambaa kilipogusa vidole.

"Polepole, Zaka," alisema kwa mdomo uliochanika. "Usinifunike sana. Nitakauka sauti."

Hakuna aliyecheka isipokuwa yeye mwenyewe, na kucheka kule kulimwuma mbavu mpaka akazimia.

*

Vile vidole vitatu havikukunjika tena. Daktari alivinyoosha, vikanyooka moja kwa moja. Gitaa likaishia hapo. Ukweli ulikuwa umepatikana, na ulikuwa umechelewa kwa muda wa buti moja tu. Munir alililia jambo hilo nyumbani kwake mtaa wa Woodley, Khamisa akimsafisha jeraha la kichwa. "Aliniomba niende," alisema. "Aliniomba vizuri. Nikamwambia mimi siingii baa." Khamisa alikamua kitambaa, maji mekundu yakashuka beseni.

Mtu akifika siku hizi kwenye kile kichochoro na mashine iliyougua, Munir haiwekei mkono kwanza. Huuliza inakaa wapi, juu yake kuna nini, na kama njia ipo, huichukua kofia yake akaenda mwenyewe kuitazama huko huko, kanisani, ukumbini, baa. Wauza simu wanamwita haji wa mabaa.

Akiwa hayupo, mezani hukaa Haron. Mkono wa kulia umeshika mpini wa mwiko, unagonga kiungo kimoja kimoja, bila haraka. Wa kushoto uko nyuma, kidole gumba kwenye mkanda. Huo haukuhitaji rula ya mtu.